Picha za nyumba Kisumu: ninachorekebisha na nisichogusa

Ninapiga picha za nyumba na ploti kwa ajili ya mawakala hapa Kisumu, kuanzia Milimani hadi Riat. Ombi ninalolikataa mara nyingi kuliko yote ni la kufuta nyaya za stima. Kwenye kompyuta ni kazi ndogo sana. Lakini laini kubwa ikipita juu ya ploti, chini yake kuna ukanda wa njia ya stima ambao mwenye ploti haruhusiwi kujenga juu yake. Mnunuzi aliye Qatar akioneshwa anga tupu, amepunguziwa ardhi yake bila kuambiwa.

Kipimo changu ni hiki: mtu akishakabidhiwa funguo, kitu hicho atakikuta? Kama atakikuta, sikifuti. Kasoro za kamera ni jambo jingine. Ukisimama kwenye sebule inayotazama ziwa, jicho lako huona sakafu na maji kwa pamoja, ilhali kamera ikiangaza sakafu, dirisha hugeuka jeupe tupu. Kwa hiyo napiga picha tatu zenye mwangaza tofauti na kuziunganisha. Nanyoosha kuta zilizoinamishwa na lenzi, napunguza umanjano wa balbu. Doa la unyevu chini ya dirisha la bafu linabaki. Likimkera mwenye nyumba, amwite fundi wa mabomba na mpaka rangi, kisha anipigie simu nirudi.

Kuna uongo unaofanyika kabla hata hujafungua kompyuta. Lenzi pana ya simu, ile ya 0.5, ni sawa na takriban milimita 13 kwenye kamera kubwa (namba ikiwa ndogo, lenzi huona kwa upana zaidi), na bedsita ya Kondele, yaani nyumba ya chumba kimoja, hugeuka ukumbi. Mimi hukaa kati ya milimita 20 na 24, na nasisitiza tangazo liandikwe vipimo vya chumba kwa mita. Mpangaji anataka kujua kama kitanda chake kitaingia.

Swali gumu zaidi ni gugumaji, mmea unaoelea na kufunika maji ya ziwa. Leo Ghuba ya Winam, sehemu ya Ziwa Victoria iliyo mbele ya Kisumu, ni kijani kitupu. Upepo ukigeuka, maji yanang'aa. Kusubiri siku ya maji meupe si udanganyifu, maana siku hiyo ipo kweli. Kupaka buluu juu ya gugu ni udanganyifu. Hata hivyo, nyumba inayouzwa ghali kwa sababu ya mandhari ya ziwa nashauri iwekewe pia picha moja ya siku ya gugu. Mawakala hunipinga hapa, nami nashikilia: anayelipia mandhari hayo ana haki ya kuyaona kwa sura zote mbili.

Fanicha zilizochorwa kwa kompyuta sizikatai, mradi hilo liandikwe juu ya picha yenyewe, kwa sababu maelezo ya chini hupotea picha ikishaanza kusambazwa WhatsApp. Picha ya chumba kitupu nayo iwepo.

Sasa sheria, ambayo wengi huidharau. Kifungu cha 312 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinahusu maelezo ya uongo yanayotolewa kwa maneno, maandishi au mwenendo na mtu anayejua kuwa si kweli. Anayejipatia mali kwa njia hiyo kwa nia ya kulaghai anaweza kufungwa miaka 3 chini ya kifungu cha 313. Kwa maoni yangu picha iliyochezewa kwa makusudi inaingia humo bila taabu, na ada ya kuangalia nyumba ni mali tayari, hata kabla ya dipoziti. Mkataba uliosainiwa kwa kuamini uongo nao unaweza kuvunjwa na aliyedanganywa. Wakala aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura ya 533, ana usajili wa kuuhofia pia.

Picha za familia ya mpangaji ukutani naomba zishushwe kabla sijaanza. Ni faragha yao, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Faili za asili sizifuti, hata nyumba ikishauzwa. Kukitokea mzozo, ndizo zitakazoonesha nilichobadilisha na nisichobadilisha. Na kwenye makubaliano yangu na wakala kuna sentensi moja nisiyoiacha: akiihariri picha baada ya kukabidhiwa, wajibu wa mabadiliko hayo ni wake, na jina langu liondolewe.