"Wamesema ni nzuri" si jaribio

Kazi yangu ni kupima kama tovuti ni rahisi kutumia. Wiki hii mteja mwingine hapa Mwanza ameniletea madodoso. Wauguzi wamepitia tovuti yake ya mafunzo endelevu na karibu wote wameandika "nzuri sana". Sasa anauliza, kupima tena kwa nini?

Nimechoka na dhana hii kuliko zote. Kwetu ukikaribishwa sato, humwambii mwenyeji kwamba chumvi imezidi. Muuguzi naye hawezi kuwaambia watu waliovuka ziwa na kompyuta zao kwamba kazi yao inamsumbua. Niliwahi kukaa na mmoja Nansio, Ukerewe. Nilimpa kazi moja: tafuta kozi ya kifafa cha mimba, fanya mtihani wake, pakua cheti. Mtandao ulikatika mara moja tu, majibu yote yakafutika. Akaanza upya bila kulalamika. Cheti hakukipata kabisa, kwa sababu kilikuwa ndani ya "Wasifu". Nikamuuliza anaionaje tovuti. "Ni nzuri, kaka. Mimi tu ndiye sijazoea."

Kosa ni la tovuti, lawama kaibeba yeye, na pointi zake za leseni zinategemea cheti hicho!

Kwa hiyo mpe mtu kazi halisi, mwombe aseme kwa sauti anachowaza, kisha nyamaza. Usimwonyeshe kitufe hata mkono ukikuwasha. Dodoso la SUS (System Usability Scale), lile la maswali 10 ya kupima urahisi wa kutumia mfumo alilolitunga John Brooke mwaka 1986, hata mimi nalitumia, ila baada ya kumtazama mtu akifanya kazi. Alama yake inakuambia tovuti inasumbua, haikuambii inasumbua wapi.

Eti lazima watu 100? Hapana. Jakob Nielsen, mtaalamu wa majaribio ya aina hii, alikadiria mwaka 2000 kwamba watu 5 hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo. Jaribu na 5, rekebisha, tafuta wengine 5. Kama mnafundisha wauguzi na wahasibu, kila kundi lipimwe peke yake.

"Ni wasomi, wataelewa." Shahada ya famasia haimfundishi mtu mlikoweka menyu, tena anasoma akiwa ametoka zamu ya usiku.

"Ofisini inafunguka vizuri." Ofisini mna skrini kubwa na Wi-Fi. Ifungueni kwenye simu ya bei nafuu, kwa bando la kawaida, mkiwa Sengerema.

Na msisubiri ikamilike ndipo mniite. Nileteeni kurasa zikiwa bado zimechorwa kwa penseli. Nitazipeleka Nansio hivyohivyo.