Betri ya kifuniko cha lami: maana yake, na sura yake inavyorudishwa

Betri ya kifuniko cha lami ni betri ya gari la zamani ambayo kila seli (chumba kimoja kinachotoa umeme) ina kifuniko chake, na mianya imezibwa kwa lami. Boksi ni la mpira mgumu mweusi. Juu kuna vipande vya madini ya risasi vinavyounganisha seli, vyote viko wazi. Kwenye Chevrolet za kabla ya 1955 na Ford za kabla ya 1956, zilizotumia volti 6, utahesabu vizibo vitatu, kimoja kwa kila seli, kwani seli moja hutoa takriban volti 2.

Kurudisha sura yake ni kuficha betri ya kisasa isiyoongezwa maji ndani ya boksi hilo la zamani. Asidi humiminwa kwanza kwenye ndoo ya plastiki, ikatiwa soda ya kuokea kidogo kidogo hadi povu likome. Tope linalobaki lina risasi. Lisimwagwe mtaroni, liende kwa wanunuzi wa betri chakavu. Lami hulainishwa kwa maji ya moto. Moto wa gesi usikaribie kabisa: haidrojeni iliyobaki ndani ya seli hulipuka ikishafika asilimia 4 ya hewa. Vifuniko vikitoka vizima, kuta za kati za boksi hukatwa kwa msumeno huku zikiloweshwa, vumbi lisipae.

Kosa kubwa hufanyika kwenye waya usioonekana, ule unaotoka betri ya ndani hadi vichwa vya nje, yaani ncha za chanya na hasi. Kwa kazi ileile, stata (mota ya kuwashia injini) ya volti 6 huvuta umeme mara mbili ya ile ya volti 12, kwa hiyo weka waya wa milimita za mraba 35 hadi 50. Ukiwa mwembamba, stata huzunguka kwa uvivu, waya hupata moto na lami mpya uliyozibia vifuniko huanza kulainika. Vile vipande vya risasi sasa ni pambo tu. Chini yake pasiwe na chuma kinachogusa, la sivyo utapiga shoti. Matundu ya vizibo yaachwe wazi ili gesi itoke.

Kichwa cha chanya ni kinene zaidi: kipenyo chake sehemu ya juu ni milimita 17.5, na cha hasi 15.9. Angalia pia upande unaofungwa kwenye bodi: Ford hizo za volti 6 hufunga chanya, Chevrolet hasi.

Lami ya mwisho usiilainishe kama kioo. Ile ya asili ilikuwa na mawimbi madogo pembezoni, na jicho la mjuzi huanzia hapo.