Mwarabu wa Bismarck

Nikifundisha vita vya 1888, watu wa pwani ya Tanganyika walipopigana na Wajerumani, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, kwani ule haukuwa uasi wa Waarabu?" Ana haki ya kuuliza. Vitabu vya Wajerumani wa enzi zile viliuita hivyo hivyo, Uasi wa Waarabu, na wengine wakanakili. Mimi humrudishia swali: pesa za kuuzima zilitoka wapi?

Naandika haya kwa sababu tukizungumzia picha mbaya ya Mwarabu huko Magharibi, wengi husema tatizo ni ujinga, kwamba Wazungu hawakuwajua Waarabu. Nakubali nusu. Picha ya Mwarabu ninayoifahamu mimi, ya kanzu, bunduki na msururu wa watu waliofungwa minyororo, ilienezwa na watu waliojua vizuri wanachokitaka, na waliolipa gharama yake walikuwa watu wa Mrima, yaani pwani ya bara inayoikabili Zanzibar.

Tuanze na mkataba. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikabidhi kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na ushuru wa forodha wa pwani, kuanzia mto Umba hadi Ruvuma, kwa miaka 50. Agosti maofisa wa kampuni wakatua mijini. Pangani alikuja Emil von Zelewski, kijana mwenye jeuri isiyo kifani. Alitaka bendera ya kampuni ipepee, akamdharau liwali, na siku zile zile za Idi Kubwa Wajerumani wakaingia msikitini na mbwa wao. Mji ukachafuka. Septemba maofisa wawili wa kampuni wakauawa Kilwa, na kufikia mwisho wa mwaka kampuni ilibakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Waliosimama ni akina nani? Abushiri bin Salim al-Harthi, ndiyo, alikuwa na nasaba ya Kiarabu kwa baba, ingawa mama yake inasemekana alikuwa Moromo. Alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, lililolimwa na watumwa, na ukoo wake ulikuwa na uhasama wa muda mrefu na masultani wa Zanzibar. Lakini Bwana Heri wa Saadani alikuwa Mzigua. Waliobaki walikuwa majumbe wa miji, Waswahili wa kila daraja, wapagazi, watu wa bara walioshuka na misafara, Wayao upande wa kusini. Na Mwarabu mkubwa kuliko wote, Sultani mwenyewe, alikuwa upande wa pili: ndiye aliyetia saini, na ndiye aliyempeleka Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, Pangani na askari kutuliza mambo. Huo ni uasi wa Waarabu wa aina gani?

Jibu liko Berlin. Kampuni ilikuwa imefilisika kisiasa, na Bismarck, kansela wa Ujerumani, alihitaji fedha za serikali kuiokoa. Bunge lisingetoa hata senti kwa ajili ya wafanyabiashara waliojitakia matatizo. Kikwazo kikubwa kilikuwa chama cha Wakatoliki, Zentrum, ambacho hakikuwa na hamu ya kugharamia makoloni. Ikatokea kwamba mwaka huo huo Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la White Fathers, alikuwa akizunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Oktoba 1888 ukafanyika mkutano mkubwa mjini Cologne. Ghafla mgogoro wa ushuru na bendera ukageuzwa kuwa vita ya Ukristo na ustaarabu dhidi ya Mwarabu mfanyabiashara ya watumwa. Zentrum wakalainika. Tarehe 2 Februari 1889 ikapita sheria ya kupambana na biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki, pamoja na marki milioni 2.

Fedha hizo zikamwajiri Hermann Wissmann, ofisa wa Kijerumani, naye akaandikisha askari. Wengi walikuwa Wasudani waliochukuliwa Misri, waliosema Kiarabu na kupeana amri kwa vyeo vya jeshi la Misri: ombasha, shaushi, efendi. Waasi wa "Kiarabu" walizimwa na wasema Kiarabu. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Na watumwa je? Wajerumani hawakuufuta utumwa Tanganyika hadi wanaondoka. Waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 wawe huru. Uliokuja kuufuta ni utawala wa Waingereza, mwaka 1922.

Kuna jambo jingine linaloonyesha jinsi Mwarabu alivyobadilishwa sura kulingana na haja. Mwaka 1885 Bismarck alipotaka kumtisha Sultani Barghash, aliyemtangulia Khalifa, manowari zake zilifika Unguja zikiwa zimemleta dada yake Sultani, Salme binti Said, aliyeolewa na mfanyabiashara wa Hamburg na kuitwa Emily Ruete. Wakati ule Mwarabu alikuwa binti mfalme aliyedhulumiwa urithi. Mkataba na Barghash ulipopatikana, bibi wa watu akaachwa na madai yake. Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu zake Berlin, na humo anawalalamikia wasafiri wa Kizungu wanaokaa wiki chache katika miji ya Mashariki kisha wakaandika kama wanayajua maisha ya wanawake wa ndani. Miaka miwili baadaye Ulaya ilikuwa ikisikiliza hadithi nyingine.

Najua atakayesema ninawasafisha Waarabu. Hapana. Utumwa ulikuwepo, ulikuwa mkatili, na Waarabu wa Oman na Zanzibar waliutajirikia. Salme mwenyewe aliutetea katika kitabu chake, na kurasa hizo zinakera. Ninachokataa ni hesabu inayomwacha mwingine yeyote nje: watemi na machifu waliouza, Waswahili walioongoza misafara, wakopeshaji wa Kihindi, Wafaransa wa mashamba ya Réunion, na viwanda vya Connecticut vilivyonunua pembe za Zanzibar kutengenezea vibonye vya piano.

Kongo mambo yalikuwa yale yale. Mwaka 1887 Stanley alimfanya Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Miaka mitano baadaye Wabelgiji wakaanzisha kile walichokiita vita dhidi ya Waarabu, na miji yao ya Nyangwe na Kasongo ikaanguka. Katika bustani ya Cinquantenaire mjini Brussels kuna sanamu ya mwaka 1921 yenye maandishi yanayosifu ushujaa wa wanajeshi wa Ubelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mwenye kumiliki watumwa. Neno "Mwarabu" lilikwanguliwa baada ya malalamiko, likarudishwa, likakwanguliwa tena. (Mwaka huo huo wa 1921 Hollywood ilitoa filamu ya shekhe wa jangwani anayependwa na Mwingereza; mwishoni mtazamaji anatulizwa kwamba shekhe si Mwarabu, baba yake ni Mwingereza na mama yake Mhispania.)

Kwa hiyo somo hili siku hizi nalianzia kwa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa pwani ya Tanga aliyeishi wakati wa vita hivyo. Utenzi wake unajulikana kama Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Wanafunzi wakishausoma ndipo nawapa ile sheria ya Februari 1889, na swali la uasi wa nani tunalijadili tukiwa na maandishi yote mawili mezani.