Kabla ya kumpa mtoto antibiotiki ya kakake

Wiki ya kuhamasisha umma kuhusu usugu wa dawa, yaani vijidudu kuacha kusikia dawa, huadhimishwa kila mwaka kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba. Kila inapokaribia, wazazi wa Nairobi hutuletea swali lile lile kwa sura mbalimbali: mtoto ana miezi minne, anakohoa, je, apewe antibiotiki ya maji (dawa ya kuua bakteria) iliyobaki kakake alipougua? Jibu ni hapana. Lakini kwa kuwa "hapana" tupu haijawahi kumridhisha mzazi aliyekesha na mtoto, nitaeleza kinachotokea tumboni.

Maziwa ya mama yana zaidi ya aina 200 za sukari changamano ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Ukiondoa laktosi na mafuta, sukari hizo ndizo nyingi zaidi kati ya vitu visivyo maji vilivyo ndani ya maziwa. Ni chakula cha bakteria, hasa bifidobakteria, ambao mtoto huwapata kwa sehemu kubwa kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa na wiki zinazofuata. Bakteria hawa wakila sukari hiyo hutoa asidi, na asidi hiyo huufanya utumbo kuwa mahali pagumu kwa E. coli na Klebsiella, bakteria wanaoweza kuleta magonjwa, kuzaana ovyo. Pia bakteria hao huufundisha mwili wa mtoto kutofautisha adui na mgeni asiye na madhara. Kazi hii huchukua muda: bakteria wa tumboni hukaribia kufanana na wa mtu mzima mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu hivi.

Sasa, antibiotiki haichagui. Unamtibu mtoto sikio, nayo inapita tumboni ikiua wale wanaoisikia, wema kwa wabaya. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia watoto 147 waliopewa antibiotiki katika wiki yao ya kwanza kwa kushukiwa kuwa na maambukizi ya damu. Bifidobakteria walipungua, jamii ya Klebsiella ikaongezeka, na mabadiliko mengine yalikuwa bado yanaonekana mtoto alipotimiza mwaka mmoja. Dawa nazo hazikulingana: penisilini pamoja na jentamaisini ziliharibu kidogo kuliko amoksilini pamoja na sefotaksimu. Sababu hiyo pekee ingetosha kutomwachia jirani kazi ya kuchagua dawa.

Tafadhali nisinukuliwe vibaya. Watoto wale walihitaji dawa, na mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu hufa haraka asipotibiwa. Kuna akina mama wanaosoma makala kama hii kisha wanaficha dawa ya nimonia waliyoandikiwa. Usifanye hivyo. Vilevile mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI huanzishiwa Septrin, ambayo nayo ni antibiotiki, akiwa na wiki sita ili kumkinga na maambukizi. Hiyo haikatizwi kwa sababu umesoma habari za utumbo. Tumbo likimsumbua, rudi kliniki.

Ninachopinga ni ile tabia ya "nimpe kidogo tu, kwa tahadhari". Mafua na kikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, navyo antibiotiki haiviwezi hata ukimpa chupa nzima. Kidogo hicho kinawaua bakteria dhaifu na kuwaacha sugu, ambao hubaki tumboni wakipashana siri za kushinda dawa. Siku mtoto atakapougua kweli, utaambiwa dawa ya kwanza haifanyi kazi, na utashangaa.

Pima pumzi badala ya kukisia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima kwa saa. Zikifika 50 au zaidi, kifua kikibonyea ndani, au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali hata usiku. Aliye chini ya miezi miwili haendi kemisti kabisa, homa iwe kali au ndogo, anapelekwa akaonwe.

Kuhara ndiko kunakonichosha zaidi. Mzazi anampa mtoto antibiotiki, mtoto anahara kwa sababu ya antibiotiki hiyo hiyo, kisha anarudi kuomba nyingine "kali". Kuhara kwa majimaji hutibiwa kwa maji ya ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji), zinki kwa siku 10 hadi 14 (miligramu 10 kwa siku kwa walio chini ya miezi 6, 20 kwa waliozidi) na kuendelea kunyonyesha. Damu kwenye choo ni jambo jingine; hapo muone daktari. Kulikuwa na utafiti mkubwa katika nchi saba, Kenya ikiwemo, wa kuwaongezea azithromaisini watoto wa chini ya miaka miwili waliohara na kuishiwa maji au wenye utapiamlo. Haikuokoa maisha zaidi ya matibabu ya kawaida.

Wengine huuliza kama mtindi au mala hurudisha bakteria. Chini ya miezi sita hapewi. Maziwa ya mama yanatosha, na ndiyo yanayowalisha wale bakteria waliosalia. Unga wa bakteria unaouzwa madukani usimpe mtoto bila kumuuliza daktari, na mtoto njiti usimpe kabisa nyumbani.

Kuhusu ununuzi. Antibiotiki huuzwa kwa karatasi ya daktari au afisa wa kliniki. Karatasi hiyo iwe na tarehe, jina na umri wa mtoto, jina la dawa, kipimo, idadi ya siku, na sahihi ya aliyeandika. Kwa mtoto, sisi huomba na uzito pia, maana kipimo hukokotolewa kwa kilo. Mfamasia huingiza mauzo kwenye daftari, na mkaguzi akija anaweza kuliomba daftari hilo. Duka lenyewe lazima liwe na leseni ya mwaka huo kutoka Bodi ya Dawa na Sumu, ibandikwe mahali inapoonekana. Kuuza bila karatasi ni kosa chini ya Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244. Anayeuza bila leseni hutwaliwa dawa, duka hufungwa, naye hupelekwa mahakamani. Kwa hiyo mfamasia wa Kawangware au Kayole akikunyima, hakudharau wala hafanyi maringo.

Madhara ya dawa huripotiwa kwa fomu ya manjano. Ukishuku ubora wa dawa yenyewe, fomu ni ya waridi. Hata mzazi anaweza kuripoti.

Chupa iliyokwisha kukorogwa hutupwa muda wake ukiisha, na kwa amoksilini mara nyingi ni siku saba. Irudishe kemisti, usiimwage kwenye sinki. Na kama ulishampa mtoto dawa ya kakake, njoo na hiyo chupa kliniki useme ulimpa kiasi gani na tangu lini. Wazazi wengi hunyamaza kwa kuogopa kukemewa, daktari naye akaandika dawa ileile iliyokwisha kushindwa. Utakemewa kidogo, ndiyo. Kesi hakuna.