Windows haijakukatia asilimia 20 ya intaneti

Tangu enzi za Windows XP kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu: eti kompyuta hujiwekea asilimia 20 ya kasi, na ukifungua gpedit.msc (programu ya kubadili mipangilio ya Windows) ukaandika 0 kwenye mpangilio wa "Limit reservable bandwidth" utarudishiwa. Si kweli. Namba ya mpangilio huo ni kikomo cha kasi ambayo programu zinaweza kuomba zitengewe. Zisipoomba, au zikiomba zisitumie, kasi yote iko wazi kwa wengine. Kwenye Windows XP maelezo ya mpangilio wenyewe yalitaja asilimia 20, ndipo watu walipopotea. Pima kasi mara tatu kabla na baada ya kubadili, utaona mwenyewe. Ukitumiwa tena, usiusambaze.

Intaneti ikikwama mtu anapopakia video, mara nyingi tatizo ni foleni ya pakiti (vipande vya data) kwenye ruta au modemu. Acha ping (kipimo cha muda wa data kwenda na kurudi) ikiendelea, kisha pakia faili kubwa. Ikipanda kutoka milisekunde 30 hadi 400, foleni ndiyo hiyo. Kama ruta yako ina SQM (mpangilio wa kudhibiti foleni), washa fq_codel au cake, mbinu ambazo hugawa zamu kwa kila mawasiliano, simu ya video isisubiri nyuma ya faili. Kwenye SQM, weka kikomo cha asilimia 90 ya kasi uliyopima. Ukiweka 100, foleni hurudi kwenye modemu.