Kwa nini sanamu ya mchekeshaji ina darubini shingoni?

Je, wajua kwamba huko Morecambe, mji wa wavuvi wa kamba kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kuna sanamu ya mchekeshaji aliyevaa darubini shingoni? Kainua mguu mmoja, anacheza. Ni Eric Morecambe, aliyezaliwa hapo mwaka 1926 na baadaye akajiita kwa jina la mji wake. Sanamu hiyo ya shaba nyeusi ni kazi ya Graham Ibbeson, na Malkia Elizabeth wa Pili aliizindua mwaka 1999.

Darubini ni kwa sababu Eric alipenda mno kutazama ndege. Lakini hilo ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili iko nyuma ya mgongo wake, kwenye tope.

Maji ya ghuba hiyo yakipwa, yanaacha wazi takriban kilomita za mraba 310 za mchanga na tope. Kwa mpita njia ni uwanda mtupu. Kwa ndege ni karamu: minyoo, kome, kaa wadogo. Msimu wa baridi hukusanyika humo ndege zaidi ya 200,000. Wamo wenye mdomo mrefu uliopinda kama sululu, jamii ile ile tunayoiona Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, ikidonoa matope yetu.

Miaka ya 1990 mji ulikuwa hoi. Watalii walikuwa wamepungua, gati moja la starehe lilivunjwa na dhoruba mwaka 1977, na la pili likabomolewa mwaka 1992. Ufuko ulipokuwa ukijengwa upya ili bahari isile nchi kavu, wasanii wakaingizwa kazini pamoja na wahandisi. Mradi ukaitwa TERN, jina la Kiingereza la buabua, yule ndege mweupe mwenye mkia wa ncha mbili. Ndipo ndege wa chuma, minandi wakiwamo, walipotua juu ya vinguzo vya kando ya bahari. Msanii Gordon Young, akishirikiana na wabunifu wa herufi, akatandaza njia ya mita 300 yenye mashairi na misemo juu ya ndege, ikaitwa Kundi la Maneno. Unaisoma kwa miguu, neno baada ya neno.

Napenda sana uamuzi huo. Mji ungeweza kujipamba kwa simba au kwa majenerali juu ya farasi. Ukachagua majirani zake.

Ukifika siku za bamvua, nenda kwenye Gati la Mawe saa moja kabla ya maji kujaa. Bahari hupanda haraka, ikifunika tope na kuwasukuma ndege kuelekea ufukoni. Tazama wale weusi kwa weupe wenye mdomo mwekundu, mabingwa wa kupasua kome. Wanajipanga maweni, wote wameelekea upepo, hatua chache tu kutoka kwa wenzao wa chuma.