Kisanamu Kidogo, Uzushi Mwingi

Mtu akimwona askari wa urefu wa milimita 28 aliyepakwa rangi hadi mboni za macho, kwanza husema, "Una subira!" Kisha huongeza, "Na mkono wako haukutetemeka hata kidogo." Anasifu, lakini anasifu kisichohusika. Upakaji rangi wa visanamu hutegemea zaidi mambo mawili asiyoyaona mtazamaji: kiasi cha maji kilichomo kwenye rangi, na kujua mwanga unaangukia wapi. Dhana nyingi potofu kuhusu hobi hii, zikiwemo zile tunazorithishana sisi wapakaji wenyewe, huzaliwa pale mojawapo ya hayo mawili linaposahaulika.

"Ilianzia kwenye michezo ya mazimwi na wachawi"

Michezo hiyo iliikuza hobi, haikuizaa. Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974 na Warhammer mwaka 1983, na ni kweli kwamba iliwaleta vijana wengi kwenye meza ya rangi. Ila kufikia wakati huo kazi yenyewe ilikuwa na umri wa kutosha. Mjini Nuremberg, Ujerumani, ukoo wa Hilpert ulikuwa ukisubu askari wa bati tangu karne ya 18. Mwaka 1839 Ernst Heinrichsen akafungua karakana yake katika mji huohuo, na kimo cha takribani milimita 30 alichokichagua kikaja kuwa kipimo cha kawaida cha visanamu vya aina hiyo.

Kalibu zake zilichongwa kwenye sleti, na kilichotoka humo kilikuwa kisanamu bapa, chenye unene unaokaribia milimita moja tu. Hapo ndipo penye jambo linalonivutia kuliko tarehe zote. Kisanamu bapa hakina tumbo wala mgongo wa kutupa kivuli, kwa hiyo kivuli chote lazima kiwekwe kwa brashi. Anayekipaka hana budi kuamua jua liko upande gani, mkunjo upi wa koti uwe na giza na bega lipi ling'ae. Wanaodhani mbinu za mwanga na kivuli zilibuniwa juzi na mafundi wa intaneti wangetazama kazi nzuri za bapa kwanza.

Uingereza ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kusubu askari wenye uwazi ndani: madini yaliyoyeyuka humiminwa kwenye kalibu, ganda la nje likishaganda yanayobaki katikati humwagwa. Madini kidogo yakatosha askari wengi, bei ikashuka, na kimo cha milimita 54 kikazoeleka kiasi kwamba hadi leo ni saizi inayopendwa na wapakaji wa visanamu vya kihistoria.

Dhana pacha ni kwamba hivi ni vitu vya watoto tu. Luteni William Siborne hakuwa mtoto alipoonyesha London, mwaka 1838, mfano wa uwanja wa vita vya Waterloo wenye visanamu takribani 75,000. Alikuwa ofisa wa jeshi aliyekwenda kuupima uwanja wenyewe kabla ya kuanza kazi. Na chama cha Waingereza cha wapenzi wa askari wa mfano, British Model Soldier Society, kiliundwa mwaka 1935 na watu wazima.

Sisi wapenzi nasi tuna chumvi yetu. Tunapenda kusema hobi hii ina miaka 4,000, tukitaja vikosi viwili vya mbao vilivyopatikana katika kaburi la Mesehti, mtawala wa jimbo la Asyut huko Misri ya kale: Wamisri 40 wenye mikuki na Wanubi 40 wenye pinde, wote wamepakwa rangi, na ngao za Wamisri zina madoa ya ngozi ya ng'ombe yasiyofanana. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini ilifanywa ili imlinde marehemu katika maisha ya baadaye, na kuiita hobi ni kuikosea heshima. Ufundi ni wa kale. Kuufanya kwa kujifurahisha baada ya kazi ni jambo la jana tu.

"Lazima uwe na mkono usiotetemeka"

Kila mkono hutetemeka, hata wa daktari wa upasuaji. Mpakaji hazuii mtetemo, anaufanya usihesabike. Kisanamu hubandikwa juu ya kishikio, viwiko hutulia mezani, kisha vitako vya viganja viwili hugusanishwa. Mkono mmoja ukicheza, mwingine unacheza nao, na umbali kati ya ncha ya brashi na kisanamu unabaki vilevile.

Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na umajimaji wenyewe. Rangi ya kivuli iliyozimuliwa sana, ukiigusisha kwenye mkunjo wa nguo, hukimbilia bondeni bila kuongozwa. Brashi karibu kavu, ikipitishwa juujuu, huacha rangi kwenye matuta tu. Hata jicho, linaloogopwa na kila anayeanza, halihitaji shabaha: weka weupe bila kujali kama umevuka mpaka, tia mboni, kisha rudi na rangi ya ngozi ulipunguze jicho kutoka nje hadi libaki umbo unalolitaka. Anayejaribu kuchora jicho kwa mpigo mmoja ndiye anayehitaji mkono wa chuma.

"Kitu kidogo kinataka brashi ndogo kuliko zote"

Hii ndiyo dhana inayowapotezea fedha wanaoanza. Brashi ya vinywele vichache haina tumbo la kubeba maji, hivyo rangi hukauka nchani kabla haijafika usoni mwa kisanamu. Mpakaji hudhani rangi ni mbovu, anaongeza nyingine, na uvimbe unaanza. Brashi namba 1 au namba 2 yenye ncha kali hufanya karibu kila kitu, kuanzia joho hadi kope. La muhimu ni ncha, si unene wa shina.

Brashi zinazosifiwa zaidi hutengenezwa kwa nywele za mkia wa kicheche wa Siberia. Mashuhuri kati yake ni Series 7 za Winsor & Newton, ambazo asili yake ni agizo la Malkia Victoria mwaka 1866. Namba 7 ilikuwa saizi aliyoipenda yeye, na ni kubwa mno kwa kazi yetu. Brashi ya namna hiyo hudumu miaka ikiwa rangi haipandi hadi kwenye shingo ya bati, kwa kuwa ikikaukia humo nywele hutawanyika na ncha haitarudi. Kazi ya brashi kavu ipe brashi kuukuu au ya nyuzi bandia. Kuzisugua nywele za kicheche kwenye ukingo wa silaha ni dhambi.

"Rangi iko tayari ndani ya chupa"

Rangi za akriliki ni chembe za rangi na za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Maji yakitoka, chembe za plastiki hushikana na kuwa utando usioyeyuka tena kwa maji. Ikipakwa nene, utando huo hufukia vifungo, nyusi na mishono ambayo mchongaji alihangaika kuitoa. Ndiyo maana tunashauriana kuizimua hadi itiririke kama maziwa na kupaka tabaka mbili au tatu, kila moja ikikaukia juu ya nyingine.

Ila nao ushauri huu umegeuka msahafu, na watu wanaufuata hadi kuharibu kazi. Maji yakizidi, kiungo kinachozishika chembe hulegea. Rangi hukimbilia pembezoni na kuacha pete, na katikati panabaki kama hapajaguswa. Unapotaka utando wa kuonyesha rangi ya chini, ongeza kizimuaji maalumu cha akriliki, ambacho ni rangi isiyo na chembe za rangi, badala ya maji matupu. Tena kabla brashi haijagusa kisanamu, ifute kwenye karatasi laini. Hatua hii ndogo huokoa kazi nyingi kuliko chupa yoyote ya bei. Kasoro ambayo mtu husema "nimezimua mno" mara nyingi ni brashi iliyojaa mno.

Kibao chenye unyevu husaidia hapa: sifongo iliyoloa chini, karatasi ya kuokea juu yake, na rangi juu ya karatasi. Unyevu hupanda taratibu, na rangi uliyochanganya hukaa saa kadhaa bila kukauka.

"Ukipata rangi halisi ya sare, umemaliza"

Wapenzi wa historia hupigania aina sahihi ya buluu ya koti la mwaka fulani. Utafiti huo ni mzuri, lakini rangi halisi ikipakwa kama ilivyo juu ya kisanamu huonekana imekufa. Fanya hesabu. Mtu wa mita 1.7 aliyefupishwa hadi milimita 28 amepunguzwa kama mara 60. Kumshika sentimita 60 kutoka machoni ni sawa na kumtazama mtu halisi aliye mita 36 mbali. Kwa umbali huo macho hayatofautishi mkunjo wa shati na shati lenyewe. Huchanganya yote yakawa doa moja.

Kwa hiyo mpakaji hutia chumvi. Kivuli huwa cheusi kuliko kilivyo, mwangaza mweupe kuliko ulivyo, na mstari mwembamba wa giza hutenganisha mkanda na koti ingawa hakuna mstari kama huo duniani. Kwa karibu uso unaonekana kama wa mwigizaji wa jukwaani, ukiuweka mezani unakuwa uso. Anayeanza huogopa hili na kuishia na vivuli vya aibu aibu. Nadhani hofu hiyo inaharibu visanamu vingi kuliko mikono inayotetemeka.

Mwanga ukishaeleweka, dhana nyingine huanguka zenyewe. Panga halilazimiki kupakwa rangi yenye chembe za metali: kijivu, nyeusi na nyeupe zikikaa mahali pake, jicho litaona chuma. Gharama ya mbinu hiyo ni kwamba mng'ao umegandishwa, hivyo ukikigeuza kisanamu uongo hujulikana. Praima, yaani rangi ya kwanza inayotangulia nyingine zote, nayo si lazima iwe nyeusi. Wengi hupaka nyeusi kote kisha hupuliza nyeupe kutoka juu, na papo hapo wanapata ramani ya mahali mwanga utakapotua. Na brashi ya hewa, kifaa kinachopuliza rangi, haikupi kisanamu kilichokamilika. Inapaka haraka nyuso pana na mabadiliko laini ya rangi, lakini vifungo bado vinakusubiri.

"Rangi za maji hazina madhara"

Kuwa na maji hakuifanyi rangi kuwa chakula. Baadhi ya rangi hutumia kadimi au kobalti, na tabia ya kunyoosha ncha ya brashi kwa ulimi, ambayo mafundi wengi wanayo, haifai hata kidogo. Rangi ya kopo la kupuliza hupulizwa penye hewa. Resini, plastiki ngumu ya kusubia visanamu, ipigwe msasa ikiwa imeloa maji ili vumbi lisiruke, na uvae barakoa inayochuja chembe.

Kinyume chake, si kila kisanamu cha metali ni cha risasi. Vingi vya siku hizi ni vya mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni bati, kwani watengenezaji wengi waliiacha risasi katika miaka ya 1990. Vya zamani ndivyo vya kushikwa kwa uangalifu, na unawe mikono baadaye. Hivyo vya risasi pia visiwekwe katika kabati la mwaloni: mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao hizo huila risasi hadi ikawa unga mweupe.

"Ukikosea, kisanamu kimeharibika"

Rangi huvuliwa. Metali huvumilia karibu kila kivuaji kinachouzwa kwa kazi hiyo. Plastiki na resini zinaweza kulainika au kupinda, kwa hiyo jaribu kwanza chini ya kitako. Usikivue tu kisanamu cha zamani kilichopakwa kiwandani, hata kama rangi imebanduka nusu, kwa sababu wakusanyaji huithamini rangi ya awali iliyochakaa kuliko rangi mpya iliyopakwa vizuri.